Baba, Mahindi Tumeyala

Kwako Baba, popote ulipo upande ule wa mpaka,

Nimeianza barua hii na kuiacha mara nyingi. Si kwamba naogopa kuandika. Kuandika ndiyo kazi pekee ninayoifanya bila kutetemeka, maana mbele ya watu sauti yangu hupotea, na wewe unajua. Ninachoogopa ni kwamba barua zangu za mwaka huu hujajibu hata moja, na mtu akimwandikia asiyejibu, mwisho hujiuliza anamwandikia nani.

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyoniagiza. Tulikuwa bado Kaloleni, katika kile chumba chetu kimoja, nawe ulikuwa umeketi mlangoni ukivua viatu vya kazi. Ulisema, "Kijaluo umenyonya kwa mama yako. Kizungu watakufundisha shuleni, upende usipende. Kiswahili nitakupa mimi, maana ndicho kinachonilisha." Mama alikuwa akisonga ugali. Akasema bila kugeuka, "Kikulishe na unga basi, huu umekwisha."

Sijui kama unakumbuka desturi yako ya jioni. Ulikuwa ukirudi kutoka stesheni na nyama au mkate uliofungwa kwa gazeti, unaifungua ile karatasi polepole isichanike, unainyoosha juu ya goti lako, kisha unatusomea chochote kilichokuwemo, hata kama ni nusu ya habari. Gazeti likiwa limeloa damu ya nyama unasema, "Hapa mwandishi amejificha, tukisie." Halafu kila mtoto alitakiwa kutoa neno jipya kabla ya kugusa ugali. Neno kwanza, mboga baadaye. Ouma alikuwa mdogo sana, akisema "gari" kila siku, na kila siku ulilikubali kana kwamba hujawahi kulisikia. Mimi nilikuja kukunong'oneza sikioni kwa sababu ya haya, nawe ukatangaza kwa sauti kubwa: "Dada yenu amesema 'ustahimilivu'. Mpeni kichwa cha samaki."

Mama alikuambia, "Wewe unawalisha karatasi watoto wangu."

Ukamjibu, "Mama Adhiambo, tumbo likishiba peke yake, utakuwa umefuga ng'ombe mzuri."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Ndiyo maana nakumbuka.

Na maji, Baba. Ulikuwa mkali wa maji kuliko wa kitu kingine chochote. Pale Kaloleni tulichota bombani pamoja na nyumba nyingi, lakini tukienda nyumbani Kisian, ziwa lile pale, kila mtu anachota na kunywa, na wewe peke yako unawasha moto kuchemsha. Watu walikucheka. Uliwaambia, "Maji ya ziwa ni mazuri kwa macho. Kwa tumbo, kwanza yapige moto." Nilikuonea aibu wakati ule. Mwaka huu sikukuonea.

Kisha reli ikakuhamishia upande wa pili wa mpaka. Mama akarudi Kisian kwenye boma ulilojenga, mimi nikabaki Kaloleni kwa Shangazi kwa ajili ya shule, nikawa mtu wa kwenda nyumbani likizo. Lakini hatukukuona umepotea, kwa sababu kila mwaka mvua ndefu zikikaribia ulikuja. Wenzako wa kazini walikutania kwamba likizo ya Mjaluo si Krismasi, ni ya mbegu. Ulikuwa unakuja na sukari, na magazeti ya mwezi mzima, na unalala nyumbani, na asubuhi Mama anatangulia na jembe.

Hapa nitaandika kitu ambacho mtoto haandiki. Wewe unaujua mwiko wetu, lakini barua hii huenda ikapita mikononi mwa wengine kabla ya kufika kwako, nao wataisoma bila kuelewa tulichokiogopa. Kwetu, mbegu hutolewa na mwenye boma pamoja na mkewe. Usiku wa kuamkia siku ya kupanda wanatakiwa wawe pamoja, chini ya paa lao. Zaidi ya hapo naona haya. Mke akipanda bila mumewe, ni kama ametangaza kwamba mume hayupo duniani, na boma lote linangojewa na chira: watoto wanakonda, ngozi inabanduka, wanakwisha kama mshumaa. Ndivyo tulivyolelewa kuamini, na wewe mwenyewe, pamoja na magazeti yako yote, hukuwahi kukosa kuja.

Mwaka huu hukuja.

Tulisikia ya huko. Askari barabarani, watu wanashushwa kwenye mabasi, wengine wamevuka na nguo walizovaa tu. Jirani mmoja wa Shangazi anayefanya kazi kwenye treni aliulizwa juu yako, akasema, "Nilimwona, lakini ni zamani kidogo," kisha akatazama chini. Tangu siku hiyo Shangazi aliacha kuuliza. Mimi niliona alivyotazama chini.

Nilipofika nyumbani likizo ya Aprili, mvua ilikuwa imekwisha kunyesha ya kutosha. Mashamba ya watu yalikuwa na mistari ya kijani. Letu lilikuwa limelimwa, limepigwa madongoa, limesawazishwa vizuri kabisa, na jeusi. Mama alikuwa amelilima mara mbili. Magugu yalipochipua alilima tena, kwa sababu kulima hakukatazwi. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye mdomo, alisimama njiani na kuita, "Nyar Sakwa, mwaka huu unafuga udongo?" Unajua wanavyomwita Mama kwa jina la kwao, binti wa Sakwa. Mama akamjibu, "Nafuga. Udongo ukizaa nitakuletea mmoja." Wakacheka wote wawili. Lakini nilimwona Mama alipogeuka, na uso wake haukuwa na kicheko hata chembe.

Ghalani hapakuwa na kitu cha kujaza kikapu. Mama alikuwa akienda mpaka Ahero kupandikiza mpunga wa watu, maji ya magoti, mgongo umepinda kutwa, na kurudi na mchele uliovunjika. Wakati mwingine alipalilia mahindi ya majirani kwa sahani ya unga. Fikiria hilo, Baba. Mikono yake iliruhusiwa kupanda mashamba yote isipokuwa letu.

Baba Mkubwa alikuja siku moja mchana. Alikataa kukalia kiti chako, akavuta kigoda. Mimi nilikuwa namnawisha mikono. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha:

"Shemeji, njia ni mbili. Ama umngoje mwenye boma, ama tukubali kwamba boma halina mwenyewe. Watu wakae, utafutiwe wa kusimama na wewe, mbegu itoke, watoto wale."

Mama akauliza, "Wa kusimama na mimi ni nani?"

"Ndugu wapo."

"Mimi nina mume."

"Sijasema huna. Nasema mbegu inataka kumwona."

Nilikosa kulenga, maji ya birika yakamwagikia viatu vyake. Baba Mkubwa akatazama chini na kusema, "Mtoto, viatu havili ugali, usivinawishe." Ouma akacheka. Mimi nilikimbilia jikoni nikakaa nyuma ya mtungi. Nilikuwa nimesikia kifo chako kikizungumzwa kama jambo la mpango, la kukaa na kukubaliana, na nilijua kwamba Baba Mkubwa si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Asubuhi moja baada ya hapo Mama alivaa gauni lake la kanisani na vile viatu vya raba ulivyomletea. Alitia mbegu za mahindi katika mkebe wa maziwa ya unga, akaufunga kwa leso, akaukumbatia kama mtoto. Nilielewa. Wanawake wengine wa huku hufanya hivyo, mume asipopata ruhusa: mke humfuata huko kazini na mbegu yake, akirudi anapanda. Lakini wao huenda Nairobi au Mombasa, si huko uliko wewe.

Akaniambia, "Ukiulizwa, sema nimeenda kutafuta mbegu. Si uongo. Maji uchemshe. Ouma asiende ziwani. Nikikawia sana, wapeleke wadogo zako kwa Baba Mkubwa."

Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka kumshika gauni. Basi la Busia likasimama pale barabarani likamchukua.

Sasa nikuungamie woga wa siku zile. Mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Kijito kilijaa, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na majani na vinyesi vya ng'ombe vikielea. Kuni zikaloa. Redioni kwa jirani walikuwa wanataja ugonjwa wa kuhara unaoua watu pwani ya ziwa, na mimi nilikuwa na ndugu wawili na mtungi mmoja. Nilichuja maji kwa kitambaa, nikayachemsha kwa magunzi ya mahindi ya mwaka jana na hata kwa mguu wa kigoda kilichovunjika. Niliyaacha yatokote mpaka Ouma akaniuliza kama ninapika supu ya maji. Awuor, mdogo wetu wa mwisho, ambaye hujamwona tangu ajue kusema sentensi, alilia kiu huku akiyatazama. Nilimzuia asinywe yakiwa ya moto, nikamzuia asinywe yale mabichi, na katikati nilijiona kama askari wa zamu anayemnyima maji mtoto.

Chakula kilipopungua nikafanya ujinga wako. Nilisema: neno kwanza, uji baadaye. Nilidhani nitawasahaulisha njaa. Ouma akafikiri akasema, "Mpaka." Nikamuuliza amelitoa wapi. Akasema, "Baba Mkubwa alisema Mama ameuvuka." Kwa hiyo walikuwa wanajua. Awuor akasema neno lake, "Uji," tukampa. Ninakwambia, Baba, maneno yanashibisha, lakini ni lazima kuwe na kitu kidogo sufuriani. Sufuria ikiwa tupu neno linakaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Wewe ulikuwa unatupa vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana hatukujua ni kipi kilichokuwa kinatushibisha.

Baba Mkubwa alipita akauliza Mama yuko wapi. Nikasema ameenda kutafuta mbegu. Akasema, "Mbegu zimejaa kwangu." Kisha akatazama barabara ya Busia, akavua kofia na kuivaa tena. Jioni mkewe alituletea viazi vitamu na kuni kavu. 

Mama alirudi alasiri, mvua ikiwa imekatika. Sisi tulikuwa uani. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, pekupeku, gauni limejaa matope hadi kiunoni, na ule mkebe kifuani. Hakuingia ndani. Hakutuamkia. Alichukua jembe ukutani akaenda moja kwa moja shambani, akachimba shimo, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Kisha la pili. Alipanda mstari wa kwanza wote peke yake, ndipo akatuita tumsaidie.

Watu waliona. Baba Mkubwa alikuja akasimama nje ya ua wa minyaa, hakuvuka.

"Nyar Sakwa," akasema, "umemwona?"

Mama aliendelea kuchimba. "Shemeji, unamuuliza mke wa ndugu yako alilala wapi?"

Baba Mkubwa alitazama pembeni. Mzee mzima, akaona haya kama mimi. "Nauliza kwa sababu ya watoto."

"Kwa sababu ya watoto ndiyo napanda."

Akakaa pale kidogo, akaondoka. Na tangu hapo, Baba, hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu hakuna anayeweza. Baba Mkubwa hawezi kumuuliza shemeji yake jambo la kitandani zaidi ya pale alipofika. Wanawake wanaweza kumtania, na atawajibu kwa utani. Mimi mtoto ndiyo kabisa. Mwiko ule ule uliotulazimisha kujua kama mmeonana ndio unaonifunga mdomo nisiulize.

Nilijaribu mara moja. Tulikuwa kijitoni, ameinama, nikamwona mgongo tu, na mgongo wa mtu ni rahisi kuuliza kuliko uso. Nikasema, "Mama, Baba hajambo?"

Maji yaliendelea kuingia mtungini. Akasema, "Jaza wako tuondoke."

Tulipokuwa tunapanda mlima na mitungi kichwani akasema, bila hasira, "Adhiambo, kuna mlango mtoto haubishi."

Basi nimebaki na ishara. Alianika koti lako juani na kulipiga vumbi. Hiyo ni ishara ya uzima, au ni ya kuweka kumbukumbu? Hakuleta gazeti hata kipande, na wewe hujawahi kumwachia mtu aje kwetu bila gazeti. Hakuleta salamu yangu. Hajalitaja jina lako. Lakini wakati wa kupalilia nilimsikia anaimba, na mjane haimbi vile. Au huimba, akiwa hataki wajue ni mjane. Kila ishara niliyoishika ilikuwa na pande mbili, na mimi huchagua ule wa kutisha kwa sababu ndio ninaouzoea.

Shule ilipofunguliwa nilirudi Kaloleni na woga wangu wote. Siku moja mwalimu wa sayansi alichora ubaoni mtoto asiyepata chakula cha kujenga mwili. Nywele nyekundu, miguu imevimba, ngozi inabanduka. Alieleza kwa Kizungu, nami nikanakili kwa mwandiko mzuri. Halafu kalamu ikasimama. Mtoto yule wa ubaoni alikuwa ndiye yule yule Baba Mkubwa anayemweleza akisema chira. Nikawaza: basi Mama akipanda vibaya, Awuor atabanduka ngozi. Na asingepanda, Awuor angebanduka ngozi vile vile. Mama alisimama katikati ya hayo mawili na mkebe wake. Mwalimu akaniita nisome nilichoandika. Nilisimama, sikuweza. Darasa likacheka, na mimi nilikuwa nalia kwa ajili ya shamba.

Sasa ni Agosti. Nimerudi nyumbani nikakuta mahindi yamekomaa. Yamestawi, Baba. Yalichelewa lakini yamestawi kuliko ya majirani, na hilo nalo liliniogopesha, nikaona ni kama mtego uliotiwa asali. Watoto wa njiani walimwambia Ouma, "Msiyale hayo, mtakufa." Ouma aliwatupia mawe, kisha akaja kuniuliza kwa sauti ndogo, "Tutakufa?"

Nilimwambia hapana. Sauti yangu haikumridhisha hata yeye.

Jana ilikuwa siku ya kula. Mama ndiye anayetakiwa kuonja kwanza. Alichemsha mahindi mapya na maharagwe, akatandika mkeka, akaita watu wote wa boma, na Baba Mkubwa na mkewe wakaja wakakaa.  Nilitazama mikono ya Mama. Ilikuwa imetulia kabisa, Baba, mpaka alipochota kijiko cha kwanza, ndipo nikaona mvuke wa kile kijiko unavyocheza, maana kijiko chenyewe kilikuwa kinatetemeka. Mama yangu alikuwa anaogopa. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye huogopa. Akala. Akatafuna taratibu, akameza.

Kisha akatenga sahani yako. Akaijaza, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kwenye kiti chako. Ouma akauliza, "Baba atakula lini?"

"Akifika," Mama akasema.

Halafu akamvuta Awuor mapajani, akapuliza kijiko, akamlisha. Alimlisha Awuor kabla ya Ouma, kabla yangu, kabla ya wageni. Watu wote walikuwa wanamtazama mtoto yule mdogo akitafuna. Awuor akameza na kupanua mdomo kuomba zaidi. Mke wa Baba Mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Amina," kama vile tumesali.

Mimi nilipewa sahani yangu. Nilikaa nayo. Mama hakuniambia nile. Alinitazama tu, na nilijua kwamba katika boma lile ni mimi peke yangu niliyekuwa namhukumu. Baba Mkubwa alikwisha tia mkono kwenye chakula chake. Wote walikuwa wamekubali kutojua. Nikaona kwamba nikikataa, nitakuwa nimeuliza lile swali mbele ya watu, kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa maishani mwangu, na jibu lake lingemwangukia yeye.

Nikala. Yalikuwa matamu, Baba. Nilikuwa na njaa ya miezi. Nilikula nikiogopa na niliomba nyongeza nikiogopa.

Leo asubuhi nimemkagua Awuor ngozi alipokuwa akioga. Ni laini. Nitamkagua na kesho. Sijui nitaacha lini.

Barua hii nitampa yule jirani wa Shangazi wa kwenye treni aivushe, ampe mwingine, na huyo mwingine ampe mwingine. Sina tena anwani ya kuiamini, kwa hiyo siifungi. Atakayeisoma njiani asome, lakini aipitishe mbele. Huku Kisian hakuna atakayeiona.

Sikuombi uniambie kama ulimwona. Ningependa kujua, kuliko ninavyopenda kumaliza shule. Lakini kuna jambo moja ninalolihitaji zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baba, kama u hai, na kama Mama hakukufikia, kama alirudishwa njiani, akavuliwa viatu, akakaa mpakani mvua ikimpiga na mbegu zake kifuani, akaamua mwenyewe kwamba wewe u hai kwa sababu watoto wako wana njaa, basi siku utakayoshuka kwenye basi pale barabarani, watu watakuja kukupokea. Baba Mkubwa atakuwa wa kwanza. Atakushika mkono, atafurahi, na katikati ya furaha atakuuliza kwa mzaha, mlionana na mkeo Aprili?

Usifikiri. Usinitazame. Sema mlionana.

Nakuaga kwa woga na kwa heshima,

Mimi binti yako wa kwanza,
Adhiambo